Waliokuja Kumpokea Marietha

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, siku ya mnada Likawage, Marietha alikuwa akichambua rundo la mitumba la Iddi, akitafuta kitu kizito cha kuvaa shambani asubuhi. Anayepulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho hangoji jua lichomoze, kwa sababu unga haushiki kwenye jani kavu, na umande wa mwezi huo unaingia mpaka kwenye mifupa. Chini ya makoti ya watoto akaipata sketi ya sufu, nyekundu, yenye miraba ya kijani na mistari myembamba ya njano, marinda nyuma na mikanda miwili midogo ya ngozi kiunoni.

"Hiyo ya kiume, mama," Iddi alimwambia. "Ya Uskoti. Huko wanaume ndio wanaovaa, na kila ukoo una miraba yake."

"Na hii ya ukoo gani?"

Iddi akasoma kijitambaa kilichoshonwa kwa ndani. Jina lilikuwa refu, na katikati lilikuwa na herufi ambazo hata yeye, aliyefika kidato cha pili, aliona heri kuziruka. "Ukoo wa watu wakubwa," akasema, maana muuzaji hakosi jibu. Marietha akalipa akaondoka nayo.

Kwa habari ya ukoo, yeye hakuwa na wake. Masista wa misheni walimkuta mlangoni akiwa na wiki mbili, amefungwa kwenye kanga iliyochanika upande wa maneno, hivyo hata kanga haikusaidia. Walimlea, wakamfundisha cherehani, wakamwoza kwa Dominick. Mungu hakuwajalia mtoto. Aliwajalia mikorosho sitini na miwili, aliyoipanda Marietha kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka ishirini na sita, huku Dominick, ambaye mgongo ulimsumbua tangu ujana, akitoa ushauri. Masika yaliyopita Dominick alifariki, na siku ya tatu ya matanga kaka yake, Mzee Pazi, ambaye hajawahi kupanda hata mchicha, alionekana akipita katikati ya mikorosho akihesabu kwa kidole.

Lakini ukoo wa Pazi una utaratibu, nao wanajivunia. Kwao mjane hafukuzwi; kumfukuza mjane ni laana. Mjane hukabidhiwa. Ndugu zake wanaitwa, wanakalishwa, wanapewa kuku na jembe jipya, kisha wanaambiwa, "Tulimchukua kwenu mzima, tunamrudisha mzima." Baada ya hapo shamba linabaki kwa wenyewe na kila mtu analala usingizi mnono. Asiye na ndugu wa kumpokea hakabidhiki, basi hatoki. Miezi minne Pazi alihangaika kumtafutia shemeji yake ndugu. Alitangaza redioni. Aliwaendea masista, wakamwonyesha kanga iliyochanika. Alimpata mzee mmoja huko Sudi aliyekaribia kukubali kuwa mjomba, lakini aliposikia kuna mtu wa kulisha akakumbuka kwamba hakuwahi kuwa na dada. Ndivyo ilivyokuwa: mwanamke aliyelia utoto wake wote kwa kukosa kwao, sasa ukosefu ule ule ndio uliokuwa ukimlinda.

Jumatano, saa nne asubuhi, Marietha alikuwa amerudi kutoka shambani na amekaa barazani kwenye cherehani, sketi bado kiunoni. Wakapiga hodi watu watatu: bibi mmoja mwembamba, mzee wa rika lake, na kijana mwenye nywele nyekundu aliyenyamaza muda wote. Walikuwa wamelowa chapachapa, ingawa mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano, na kuku wa jirani akapita katikati ya muundi wa yule mzee bila kukwepa. Marietha akaona kwamba ni wafu, akawaletea mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Walisema Kimatumbi, chenye lafudhi ya mbali kidogo. Marietha hakulisikia vizuri lililofuata. Masista walikuwa wakimwita kwa jina, na Dominick alikuwa akimwita "wewe." Neno lile, mwanangu, lilimwingia kifuani likakaa, naye aliona haya kwamba machozi yanamtoka mbele ya wageni ambao hata maji hajawapa.

Hata hivyo alisema kweli. "Bibi, mimi si wa kwenu. Hii sketi nimeinunua mnadani."

"Wengi wamenunua," alisema yule mzee. "Hatuulizi. Anayevaa tunamwendea, ndio utaratibu tuliopewa. Mwezi uliopita tulikwenda kwa mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa mdogo, amevalishwa kikoti. Tulikaa naye siku mbili. Ana adabu."

Marietha akawapikia ugali na kisamvu. Hawakula, waliinamia mvuke wakaufurahia. Katika mazungumzo yule bibi akamweleza, bila kinyongo, kwamba miraba ile hawakuivaa walipokuwa hai. Walivaa chochote kilichopatikana, mara nyingi cha rangi ya matope. Miraba ilichorwa na mwenye duka baada ya wao kufa, nao waliona ubao unaoonyesha huu ni wa nani na ule ni wa nani, wakajifunza.

"Na nyumbani kwenu nani amebaki?" Marietha aliuliza.

"Kondoo," alisema bibi. "Mkuu wa ukoo alituita wanawe. Tulikuwa na jina lake, tukapigana vita vyake. Kisha kondoo wakawa na faida kuliko sisi, akachoma mapaa ya nyumba zetu ili tuondoke. Sasa picha yake inauzwa pamoja na kitambaa."

"Alikuwa wa damu yenu?"

"Damu moja kabisa," alisema mzee, na wakarudi kwenye mvuke.

Scholastica, jirani, alikuja kumfuata kuku wake, akawasalimu wageni, akauliza kama mikeka inatosha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia Marietha kwa furaha ya kweli. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilijua kwamba mjane wa Dominick ametembelewa na ndugu zake kutoka Uskoti, kwamba wamekufa siku nyingi, na kwamba ni watu wapole.

Saa tisa alasiri Mzee Pazi alifika kwa pikipiki. Hakuwahi kuonekana na uso mkunjufu namna ile tangu msiba. Aliwapa wageni mikono, na mikono yake ikapita hewani, akaendelea kuwapa. Aliwauliza habari za safari, za mifugo, za hali ya hewa. Aliitisha kikao cha ukoo Jumamosi.

Siku zile tatu Marietha alikuwa na matumaini, na hakuna wa kumlaumu. Maisha yake yote aliwaona watu wakienda kwenye mashauri na ndugu nyuma yao, wajomba wakikohoa, shangazi wakiguna, na shauri likinyooka. Yeye alikuwa akienda peke yake. Sasa angalau kungekuwa na watatu wa kukohoa. Akazipiga pasi nguo zake nzuri zaidi, akasuka nywele.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha darasa. Ukoo ulijaa madawati yote, na katibu wa ukoo, Yohana, alikuwa na daftari kubwa mbele yake. Ndipo Marietha alipoona kilichowekwa juu ya meza ya mwalimu: jembe jipya, lebo bado haijabanduliwa, na kuku aliyefungwa miguu. Akakaa.

Pazi alisimama, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, akasema damu ni nzito kuliko maji. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akauliza mara ya kwanza:

"Shemeji, hawa ni ndugu zako?"

Yohana akaandika kwamba Marietha hakujibu.

"Shemeji, hawa ni ndugu zako?"

"Sketi niliinunua mnadani," alisema Marietha. "Iddi yupo, aulizwe."

Iddi akaulizwa, akathibitisha, akataja na bei. Minong'ono ikapita kwenye madawati. Mzee mmoja akasema kwamba nguo haizai undugu, la sivyo yeye ni ndugu wa timu ya mpira ya Ulaya, akaonyesha jezi aliyoivaa. Watu wakacheka. Marietha akaiona mikorosho yake sitini na miwili, mmoja mmoja, hata ule wa pembeni uliopigwa na ugonjwa wa ubwiri na akauokoa. Ilibaki neno moja tu, "hapana," na lilikuwa la kweli.

Pazi alikuwa mtu wa maneno. Hakukasirika. Akawageukia wageni kwa huzuni. "Mmetoka mbali, bibi. Mmevuka bahari, na mtoto anawakana mbele za watu. Sisi huku tunasema, mkataa kwao ni mtumwa."

"Mwacheni," alisema yule bibi. "Na sisi tulikanwa. Haiumi sana baada ya miaka mia." Akajaribu kumfuta Marietha jasho la uso kwa ncha ya shuka lake, na ingawa shuka lilipita bila kugusa, liliacha baridi nzuri.

"Mara ya tatu na ya mwisho, shemeji. Hawa ni ndugu zako?"

Marietha alilia waziwazi. Mtu anaweza kukana shamba na akaishi, alijiambia, ingawa hakuwa na hakika. Lakini miaka arobaini na sita alikuwa amengoja mtu aseme "mwanangu," na mtu huyo alikuwa amesimama hapo, akichuruzika maji.

"Ni ndugu zangu," alisema.

Ukoo ukapiga makofi, na si kwa kejeli, wengi waliguswa. Pazi akachukua jembe na kuku, akayasema maneno: tulimchukua kwenu mzima, tunamrudisha mzima.

"Hatuna pa kumpeleka," alisema yule mzee wa Uskoti. "Tulikuwa na kilima. Kina kondoo."

"Mambo ya ndani ya ukoo wenu hatuyaingilii," alijibu Pazi kwa heshima kubwa. Akamkabidhi bibi kuku. Kuku akapita mikononi mwake, akaanguka sakafuni, na kamba ikalegea, akatoka mlangoni. Yohana akaandika: Wamepokea.

Marietha akapanga chumba karibu na uwanja wa mnada, akaweka cherehani mlangoni. Wale watatu walikuja kila Jumatano. Bibi alimfundisha wimbo wa kukamulia ng'ombe, ingawa hapakuwa na ng'ombe, na Marietha aliupenda. Alikuwa na kwao sasa. Mtu akimuuliza, alijibu bila kusita, na mara nyingine alijibu kabla hajaulizwa. Mwezi wa kumi, upepo ulipogeuka, harufu ya mabibo yaliyoiva mikoroshoni ilimfikia hadi kitandani, na siku hizo hakula.

Msimu ulikuwa mzuri. Pazi alimwoza binti yake Brigita, na harusi ya watu wenye uwezo haikosi sare. Kamati ilijadili vitenge vitatu ikavikataa. Kisha mtu akasema kwamba hakuna nguo iliyowahi kuuletea ukoo huu heri kama ile ya miraba, na wote wakaona ni kweli. Kitambaa kikaagizwa, chepesi, cha kuchapwa, lakini miraba ni ile ile. Kazi akapewa Marietha, kwa sababu ndiye aliyeijua: nguo thelathini na nne, wanaume kwa wanawake.

Siku ya kujaribisha ilikuwa Jumatano. Ukoo mzima ulivaa, na Waskoti wakafika kumi na tisa, kwani watatu wasingetosha. Wakaanza kuzunguka, wakipeana mikono isiyoshikika, wakimwita kila mmoja mwanangu, ndugu yangu, damu yangu. Watu waliitika marahaba na shikamoo kama kawaida. Pazi aliitwa mwanangu mara tatu, naye akainamisha kichwa kila mara.

Marietha aliacha mkasi.

"Shemeji Pazi. Hawa ni ndugu zangu, ukoo ulithibitisha. Leo ni ndugu zako na wewe. Basi mimi na wewe ni ukoo mmoja."

Pazi alilifikiria jambo hilo kwa haki, maana hakuwa mtu wa kupuuza hoja. Alimtazama bibi, akazitazama sketi thelathini na nne.

"Huko kwetu Uskoti, ndiyo," alisema. "Mikorosho iko huku."

Wazee wakaguna kukubali. Yule mzee wa Uskoti naye aliguna. Alikuwa ameyasikia maneno hayo zamani, kwa lugha nyingine. Kisha Pazi akainua mikono kidogo, akamwomba Marietha amlegezee kiunoni, kwa sababu tangu mavuno yaanze ameongezeka. Marietha akabana pini midomoni, akapiga magoti mbele yake, akalegeza.