Faili Thelathini na Nane Zisizo na Wenyewe

Stima ilikatika Watiri akiwa bado ana kidole kwenye kibodi. Iliporudi baada ya dakika kumi, kompyuta ya chama cha wafugaji hapo Giakanja ikawaka, ikaanza kujikagua, kisha ikagoma. Maandishi yalisema diski imeharibika kiasi ambacho mashine haiwezi kujirekebisha, kwa hiyo mtu aketi aitengeneze kwa mkono.

Mtu mwenyewe alikuwa Watiri, mama Mutahi, wa miaka hamsini, ambaye kwenye vitabu vya chama bado aliandikwa mfagiaji.

Mkaguzi wa usajili wa ng'ombe alikuwa njiani kutoka Nakuru, angefika saa nane mchana. Bila rekodi za uzazi, mitamba ya kizazi cha nne, iliyowachukua wanachama miaka kumi na minane kuipata, ingebaki ng'ombe tu wa maziwa, wasio na ukoo. Kadi za karatasi zilikuwa zimeoza mwaka uliopita paa lilipovuja kwa mvua za El Niño, pamoja na disketi za akiba.

Watiri alimpigia simu Kingori, kijana wa Nairobi aliyewawekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta.

"Mama, usijisumbue," Kingori alisema. "Hiyo disk imekufa. Nitakuja Friday ni-format, tuanze upya."

"Tuanze upya na nini? Ng'ombe zirudi tumboni?"

Kingori alicheka. "Basi andika fsck, ile amri ya kurekebisha disk. Itakuuliza maswali. Ukijibu vibaya inafuta, na mimi sitaki lawama."

"Lawama niwachie mimi."

Mwenyekiti, Bwana Ngatia, alikuwa amesimama nyuma yake akizungusha kofia mkononi. "Si uwache tu, Mama Mutahi. Tutamwambia mkaguzi ati stima ilileta shida."

"Arudi Nakuru na hiyo maneno? Wacha nijaribu."

Aliandika fsck. Maswali yakaja moja baada ya jingine, na kila moja alilisoma mara mbili kabla ya kubonyeza ndiyo. Saa tano ilipogonga mashine ikakubali kuwaka. Orodha ya majina ya faili ilikuwa imevunjika, lakini faili zenyewe zilikuwa nzima, zimetupwa kwenye chumba kiitwacho lost+found, yaani vilivyopotea vikaokotwa, kila moja na namba tu. Zilikuwa thelathini na nane, moja kwa kila boma.

Alifungua ya kwanza. Jina la ng'ombe lilikuwemo, namba ya sikio, fahali na tarehe. Mwenye ng'ombe ndiye hakuwemo, na hilo lilikuwa kosa la Watiri mwenyewe. Alipokuwa akiingiza kadi aliona ni kupoteza nafasi kuandika jina la mfugaji ndani ya faili ilhali ndilo jina la faili yenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu akasoma tena. Matron. Sista. Daktari.

"Hii ni ya Mbogo," alisema. Mbogo alilazwa hospitali mwaka mzima, na tangu hapo kila ndama wake alipewa jina la wodini.

Kabla ya kupewa ufagio, Watiri alitembea migongo ya vilima vya Tetu miaka kumi na mmoja na daktari wa kupandisha ng'ombe, yeye akishika kamba. Alijua kila boma lilivyoita ndama wake. Mlolongo, Kura na Debe walikuwa wa Wacera, asiyejua mazungumzo mengine ila siasa. Alifungua, akacheka, akaandika jina la mwenye ng'ombe mstari wa kwanza, ndani kabisa, akaendelea.

Faili ya mwisho ilimkwamisha. Nyange, binti Nyange, mjukuu wa Nyange. Kila boma lina ng'ombe mweupe aitwaye Nyange. Akatazama tarehe: nyanya mtu alipandishwa mkesha wa Krismasi, mwaka wa themanini na tatu. Nani humwita daktari mkesha wa Krismasi? Alimkumbuka daktari akilalamika njia nzima kwenye mvua, na uji wa moto waliopewa jikoni kwa Nderitu. Akaandika: Nderitu.

Saa nane mkaguzi, Bi Kagwiria, alizipitia karatasi zote zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta, huku miwani ikiwa puani.

"Kwa hizi tarehe, majina ya wenyewe yameandikwa leo. Nani ameyathibitisha?"

"Mimi," Watiri alisema.

"Wewe ni nani hapa?"

Watiri alifungua kinywa, lakini Ngatia akawahi. "Ni mwenye kompyuta."

"Hii ya mwisho naitilia shaka," Bi Kagwiria alisema.

"Basi twende ukaone sikio, madam," Watiri alisema.

Huko kwa Nderitu walimkuta mtamba kwenye hori, miguu ndani ya matope. Mzee Nderitu alimshika pembe. Bi Kagwiria akafuta kibati cha sikioni kwa leso yake, akainama kusoma, lakini Watiri, mikono mitupu, akamtangulia: namba ya mtamba, ya mama yake, ya nyanya yake, na fahali wote watatu. Bi Kagwiria alilinganisha na kibati na karatasi; hakukosea hata tarakimu. Kifua kilikuwa kimemjaa fahari, wala hakujaribu kuificha.

Bi Kagwiria alifungua kalamu ya wino, akaegemeza daftari la usajili kwenye mgongo mweupe wa mtamba na kuanza kuandika, taratibu, naye mtamba akatikisa sikio lake na kurudi kwenye majani.