Kamba wa Ngumi

Mke wa fundi vioo alikuwa akikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji ya tangi la samaki alipoona konokono wake wamebaki makombe matupu. Alimwita mwalimu wa sayansi, jirani wa mlango wa pili. Mwalimu akamulika tochi kwenye jiwe la baharini walilonunua pamoja na samaki. Macho mawili yalichomoza tunduni, kila moja likitazama upande wake.

"Kamba-vunjajungu," alisema. "Alikuja kajificha ndani ya jiwe. Kuna wa mkuki na wa ngumi. Huyu viwiko vimevimba kama rungu, wa ngumi. Mtengee tangi lake, mdogo wangu, la kioo kinene; ngumi yake huvunja makombe, hata kioo."

Fundi alilitengeneza mwenyewe. Mkewe akatia kipande cha bomba, kamba apate pa kulala, akawa anamlisha kaa kwa koleo refu.

Jioni moja mchuzi ulichelewa. Fundi alimpiga mkewe kofi, na kamba naye akapiga kioo. Tangi halikupata hata mkwaruzo. Yalipasuka madirisha ya jengo zima, kila moja likiwa na ufa wenye umbo la kiganja, vidole vitano, kimoja kina pete.

Majirani waliutazama ufa, wakatazamana.

"Mke na mume wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema mzee wa ghorofa ya chini. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jembe, walichukua mafagio.

Fundi alipita mlango kwa mlango akiweka vioo vipya na kuwatania kina mama. Walimsifu kwa mikono yake myepesi. Wiki iliyofuata vilipasuka tena, safari hii kwa umbo la ngumi.

"Labda maji yamechafuka," mwalimu alimwambia mke wa fundi.

"Maji ni safi."

"Basi mfunike kamba kwa kitambaa, asione."

Alimfunika. Haikusaidia. Wapangaji wakakutana kwenye ngazi, wakakubaliana, na kufikia mwisho wa mwezi jengo halikuwa na dirisha la kioo hata moja.

Jioni iliyofuata mke wa fundi alibisha kwa mwalimu. Jicho moja lilikuwa limefumba, na mkono ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Naomba nilale kwako leo, dada."

Mwalimu alimshika bega kwa upole.

"Usijisikie vibaya, mdogo wangu. Hakuna anayekulaumu tena. Tumeshaweka plastiki."

Akamtakia usiku mwema, akaurudisha mlango taratibu, usije ukajibamiza.