Uboho wa Muhanna

Katika ukoo wetu posa haipokelewi mpaka mtu atumwe kwanza kwa mama yangu, Bibi Miza. Yeye ndiye anayejua nani alinyonya kwa nani. Wanawake wetu hapa Bujumbura wamenyonyesheana watoto tangu zamani, na walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Mama ameshavunja posa mbili kwa neno moja, na hakuna aliyebisha, hata mimi Soumaya ninayebisha kila kitu.

Posa ya Alya na Muhanna aliipitisha huku anacheka. Wote wawili ni watoto wa kaka zangu, kila mmoja na baba yake. Alya ni mwalimu, mdomo wake haupoi. Muhanna anauza vipuri vya magari pale mtaa wa Asiatique, jirani na duka langu la vitambaa, na maneno yake unaweza kuyapima kwa kijiko cha chai. Nilikuwa namtania kwamba siku ya nikahi itabidi tumtafutie mtu wa kusema "nimekubali" kwa niaba yake. Moyoni nilimwona mzito, nikamhurumia binti yetu.

Kisha Alya akaugua saratani ya damu. Alipewa dawa kali, nywele zikaisha, akapata nafuu, tukasoma maulidi. Haukupita muda ugonjwa ukarudi. Daktari Jovithe, mwanamke aliyekulia Buterere kwenye mashamba ya mpunga, alituita sote akatueleza bila haraka.

"Ndago munaijua, ile majani mbaya ya shamba?" aliuliza. "Unaikata juu, shamba inakuwa safi, kumbe kiazi yake iko chini ya udongo, inalala. Kansa hii iko vile. Iko na seli zake za shina, mama za zingine zote, kidogo tu, zimejificha ndani ya uboho wa mifupa. Dawa inaua zile zinazaana mbio mbio. Zile zinalala zinabaki, halafu zinaanza kuzaa upya."

Tiba iliyobaki ilikuwa India. Wangeuua uboho wote wa Alya, kisha wampe seli za shina za mtu mwenye afya, zimtengenezee damu mpya. Damu hiyo ngeni ingewinda na zile seli za kansa zilizojificha. Nikauliza hizo seli zinaingizwaje ndani ya mfupa. Jovithe akasema zinatiwa kwenye mshipa tu, kama damu ya kawaida, na zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Kwa dakika nzima nilisahau hofu yangu kwa kustaajabu. Mimi mwenyewe napotea kila nikienda Kibenga, humu humu mjini.

Tulipimwa ukoo mzima, atafutwe ambaye seli zake zinalingana na za Alya. Yaseen, kaka yake Alya, hakulingana naye. Aliyelingana ni Muhanna.

Jovithe alifurahi akazidisha maelezo. "Damu yake yote itatoka kwa Muhanna. Hata groupe ya damu itabadilika."

Mama yangu akaiweka tasbihi mapajani. "Maziwa ya utotoni inafanya watu ndugu," alisema. "Sasa damu ya maisha yote? Atapona, inshallah. Lakini kumuoa, apana."

Alya akasema, "Basi siitaki. Wanipe ile dawa ya kwanza tena."

Jovithe alimwambia wazi kwamba dawa peke yake haitamponya. Alya akageukia ukuta. Mimi nilipandwa na hasira, nikatangaza kwamba kesho nitakwenda kwa Sheikh Shakuru kumuuliza sheria yenyewe. Muhanna alikuwa amekaa tu, mikono magotini. Nikamwona bwege.

Jioni ile ile alikuja nyumbani kwa kina Alya. Hakukaa. Alisimama mbele yetu sote akasema, "Dada Alya."

Alya akainua kichwa.

"Posa mi nimeivunja. Kuanzia leo we ni dada yangu. Dada hakatai damu ya kaka yake."

Alya alimtukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Akamrushia mto. Akalia mpaka akakaukiwa. Muhanna alibaki pale pale, hakuinamisha macho. Hatimaye Alya akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atakwenda India.

Kesho yake Sheikh Shakuru alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema undugu wa kunyonya ni wa mtoto mchanga na maziwa, damu na uboho haviharamishi kitu. Muhanna ampe, na amuoe. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Muhanna, nikampa habari. Alikaa juu ya dumu la oili akalia kwa sauti, wateja wanamtazama. Mama yangu aliirudisha posa, akamwomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe.

Huko India seli za Muhanna zilifika mifupani mwa Alya. Kwa wiki kadhaa tuliishi kwa kutazama simu, kisha tukaambiwa zimeanza kutengeneza damu. Muhanna alirudi kazini. Alya alibaki huko na mama yake kwa uangalizi, na baada ya miezi Jovithe akatwambia vipimo havioni tena seli zenye ugonjwa, ingawa ataendelea kupimwa miaka mingi.

Siku ya kumpokea, mimi na Muhanna tulisimama pamoja uwanja wa ndege. Swali lilikuwa limenikaa kooni muda wote huo.

"Kwa nini hukungoja usiku mmoja tu? Jibu la sheikh lilikuwa zuri."

"Ningengoja, na sheikh angesema haramu," alijibu, "Alya angekataa kabisa, na nani angemugeuza? Ilifaa akubali kabla ya jibu."

"Na kama angesema haramu kweli? Si ungempoteza?"

Alifikiri, kama kawaida yake, mpaka nikataka kumfinya.

"Ningekuwa namuona kwa bwana mwingine, anacheka vile anachekaka," alisema. "Ningezoea, shangazi."