Blanketi Lenye Shati la Asani

Siku za Jumanne, soko la Kasongo linapoanza kupungua watu, wanawake wa kikundi cha ushonaji hukaa kwenye baraza ya ukumbi wa parokia na kupanga vitenge vikuukuu, kimoja juu ya kingine. Kazi hiyo inaitwa kantha. Walifundishwa na mwanamke wa Kibengali, Bi Rokeya, ambaye kwao nguo iliyochakaa haitupwi. Nguo hupangwa tabaka kwa tabaka, nyuzi huchomolewa katika pindo za nguo hizohizo, na tabaka zote hushikizwa kwa mishono midogo inayochora maua, samaki na watu. Shirika lililomleta Bi Rokeya liliwapiga wanawake picha nyingi, likatangaza kwamba limewainua, kisha likaondoka na picha zake.

Dieudonnée, mjane wa Asani na mama wa Darlène, alitengeneza blanketi lake kwa vitenge viwili, shati la marehemu na kitambaa cheusi cha matanga. Kitambaa hicho hakikupaswa kuwemo. Katika ukoo wa Asani, mjane hukichoma siku ya kuondoa matanga. Dieudonnée alikikagua, akaona bado kina nguvu, akatia motoni nusu tu.

Alishona samaki. Asubuhi iliyofuata samaki hawakuwapo. Mahali pao alikuwapo Asani, kwa uzi mwekundu, akipanga matofali ya nyumba yao. Dieudonnée mwenyewe alisimama nyuma yake na ndoo ya udongo kichwani. Pembeni, chini ya mchikichi, Octave, mdogo wake Asani, alikuwa amelala kwenye kiti cha uvivu, mdomo wazi.

Arlette, aliyekuwa akishona kando yake, aliinama kutazama.

“Uzi yako inatumika muzuri, Mama Darlène,” alisema. “Yangu inajikunja tu.”

Mchoro huo ulikuja kwa wakati. Asani alikuwa amefukiwa katika shimo la dhahabu kule Salamabila, na kabla ya matanga kuisha Octave alidai nyumba. Alisema aliijenga yeye kwa mikono yake. Mikono yenyewe ilikuwa laini, na aliitumia zaidi kuelekeza wengine. Mzee Jean-Marie, shefu wa mtaa, alipanga kusikiliza shauri hilo Jumamosi. Kama Dieudonnée angeshindwa, yeye na bintiye Darlène wangetoka siku hiyohiyo.

Jumamosi alikwenda na blanketi, likatandazwa juu ya meza ya shefu. Kufikia hapo mishono ilikuwa imeongeza jambo. Octave alionekana akimkabidhi shefu kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi.

Octave ndiye aliyetangulia kutazama.

“Huyu ni mimi kabisa,” alisema. “Hata kiti ni kile. Lakini tumbo imezidi.”

“Haikuzidi,” Arlette alisema kutoka nyuma.

Watu walicheka. Octave alicheka pia. Shefu alivaa miwani, akamtazama mbuzi kwa muda mrefu.

“Ni yenyewe,” alisema. “Ila ilikuwa na mimba. Hapa mimba haionekane.”

“Basi umeona, Shefu,” Dieudonnée alisema. “Nyumba alijenga nani?”

“Asani. Nani hajui? Bulangeti haidanganye.” Alivua miwani. “Lakini bulangeti haiko mutu ya ukoo. Hapa nasikiliza ukoo.”

“Shati ya Asani iko ndani,” Arlette alisema. “Asani ni mutu ya ukoo.”

“Asani alikufa, mama. Mufu hana ruhusa ya kusema mbele yangu. Tukianza vile, tutamaliza lini?”

Wazee waliokuwapo waliiona hoja hiyo kuwa nzito. Mmoja wao, aliyelima shamba la kaka yake marehemu, alipumua kwa sauti.

Nyumba ikapewa Octave.

“Na bulangeti pia, shemeji,” Octave alisema. “Shati iko ya ndugu yangu.”

Shefu alifikiri, akaona dai hilo linafuata desturi.

Kabla ya jua kuzama Dieudonnée alihamia chumba cha kupanga nyuma ya soko. Paa lilivuja upande mmoja. Darlène alilazwa upande mwingine.

Octave alilitundika blanketi sebuleni, mkabala na mlango. Mishono iliendelea na kazi. Wiki ile ilimwonyesha Dieudonnée akitoka na godoro kichwani, na Octave ameshika mlango. Octave aliupenda mchoro huo kuliko yote. Kila mgeni aliyeketi aliletwa mbele yake.

“Ona,” alikuwa akisema. “Nilimufungulia mulango.”

Wageni walikubali kwamba alimfungulia.

Habari zilienea hadi Nyangwe, na watu wazito walianza kuona aibu kwa kuta zao tupu. Mwenye duka mmoja alitaka blanketi lake lionyeshe jinsi alivyopata duka. Katekista alitaka pia, kisha akataka kujua kama mchoro unaweza kuanzia baada ya ubatizo.

Wa kwanza kuagiza alikuwa shefu. Alimwita Dieudonnée nyumbani kwake, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba anataka blanketi pana kuliko la Octave, kwa sababu yeye ana miaka mingi katika kazi. Nguo alizokuwa nazo zilikuwa mezani: vitenge, shati la baba yake na kitambaa cha matanga ya mke wa kwanza.

Dieudonnée aliitazama ile meza, kisha akakumbuka paa lake. Alimwomba shefu asimame na kunyoosha mikono. Mzee alinyoosha, mtulivu kama mtu anayepimwa suti. Dieudonnée alipima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.

“Hii nguo haitatosha, Shefu,” alisema.

“Hakuna neno,” shefu alijibu, mikono ikiwa bado hewani. “Nitaambia wajane walete ya kwao.”