Hodi ya Mfupa

Brightness alikuwa amekosea, tena kwa kujua, na mtu akikosea kwa kujua hutafuta wa kumsingizia. Yeye alilisingizia jua. Jua la Kondoa mwezi wa kumi halina adabu, alijiambia, ndiyo maana akabeba mawe na mifupa yake akaenda kukaa chini ya mwamba wa kale, palepale mwalimu wake, Dokta Shamila, alipokataza.

Katazo lenyewe lilikuwa na maana. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanachimba chini ya mwamba ule kutafuta zana za watu wa zamani, na jiwe halisemi umri wake. Kibanzi cha jiwe kilichomeguliwa leo kikidondokea udongo wa kale, atakayekiokota atadanganyika, na atakayemsoma huyo atadanganyika zaidi. Brightness alikuwa anatafiti jinsi ya kumegua jiwe gumu la gumegume kwa mfupa na pembe kama walivyofanya wale wa kale, na aliruhusiwa kuifanya kazi hiyo kambini tu, juu ya turubai, kila kibanzi kiokotwe. Atakayekiuka anarudi Dodoma kwa basi la kwanza, na miaka yake miwili ya utafiti inazikwa.

Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Alitandika turubai, akashika mfupa wa muundi wa ng'ombe alioununua buchani Miyuji, akaanza. Jiwe likipigwa kwa jiwe hupiga kelele. Mfupa una sauti ya chini, ya mtu mwenye heshima zake. Ko, ko, ko. Anatulia, anageuza jiwe, anasugua ukingo kwa ncha ya pembe ya tandala. Ko, ko, ko. Anatulia tena. Baada ya mapigo ya mara ya tatu, kitu kilisema neno moja fupi kutoka chini. Akajiambia ni mwangwi, ingawa yeye hakuwa amesema neno.

Alipomaliza alivirudisha vibanzi mahali pake kwa gundi, kimoja kimoja, mpaka jiwe likarudi kuwa jiwe. Hiyo ndiyo njia ya kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kilikosekana kimoja, cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Alikung'uta turubai, akapapasa mchanga, akavua hata viatu, wapi!

Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Sidonia, mkulima wa kijiji cha jirani aliyeajiriwa kuchimba na kuchekecha udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepoteza nini, hereni?"

Brightness akamweleza yote, maana uongo nao unahitaji nguvu na yeye hakuwa nazo. Mama Sidonia aliuliza jambo moja tu. "Ulikuwa unapigaje?"

Brightness akamwonyesha kwa vidole juu ya goti. Mama yule akaacha kutafuna karanga zake.

"Tatu, unatulia. Tatu, unatulia. Tatu tena?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hiyo ni hodi. Uliitikiwa?"

Brightness akaelekeza kidole ardhini, neno lilikotoka. Mama Sidonia akashusha pumzi, akamwambia akamweleze mwalimu wake sasa hivi. "Mficha uchi hazai."

"Nikimwambia, ananirudisha nyumbani."

"Basi heri nyumbani."

Kibanzi walikikuta ndani ya shimo la uchimbaji. Shimo lilipita kimo cha mtu, na chini kabisa ukutani, katika udongo mgumu kama saruji, ilikuwapo mifupa ya kiganja ambayo Mama Sidonia alikuwa akiifukua kwa kijiti cha mwanzi tangu Jumatatu. Jana jioni vidole vilikuwa vimenyooka; yeye mwenyewe ndiye aliyevipangusa vumbi. Sasa vilikuwa vimekunjwa, na katikati yake kilichungulia kibanzi cha rangi ya ini, ukingo wake mpya unang'aa.

Brightness aliogopa. Lakini alifurahi pia, na furaha ndiyo iliyomponza.

"Kiache," Mama Sidonia alisema. "Ulibisha, ukakaribishwa, mwenyeji akapokea alichopewa. Mgeni hamnyang'anyi mwenyeji."

"Mama, hiki ni utafiti wangu wote."

Akakivuta. Kilikataa kidogo, kama mkono wa bibi asiyetaka kukuachia kabla hajakuuliza habari za nyumbani, kisha kikachomoka. Akakipaka gundi palepale shimoni, akakipachika kwenye jiwe, kikakaa sawasawa. Alicheka peke yake. Akaona chumba cha mama yake kule Kikuyu, Dodoma, joho la mahafali, picha ukutani. Nani angejua?

Ko, ko, ko.

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa udongo. Mama Sidonia alimdaka kifundo cha mkono.

"Nyamaza," alinong'ona. "Hodi ni tatu. Akikosa wa kumwitikia, ataondoka."

Ko, ko, ko.

Udongo ulimomonyoka kidogo ukaangukia viatu vyao. Juu yao zilisikika hatua, na mluzi wa mtu aliyeshiba: Dokta Shamila anarudi, njiti ya meno mdomoni, hajui lolote kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mama Sidonia alimtazama Brightness kwa macho ya kumsihi, maana mwalimu ni wake. Ilitosha kupaza sauti: Dokta, usiitike! Lakini ukishapaza sauti, lazima ueleze, na jiwe lenyewe lilikuwa mikononi mwake, gundi haijakauka. Imebaki mara moja tu, alijiambia. Akaumeza ukelele wake.

Ko, ko, ko.

"Karibu!" Dokta Shamila aliitikia kwa uchangamfu, kama mtu aliyelelewa vizuri. "Pita tu, hapa hakuna mlango."