Utepe wa Mashine Tatu za Kupumulia

Mashine tatu za kupumulia zililetwa Hospitali ya Neema Tele, Hurlingham, Nairobi, zikakaa ukumbini wiki kumi na moja bila kumpumulisha hata panya. Hazikuwa mbovu. Fundi alizijaribu siku hiyo hiyo zilipofika, zote zikafanya kazi. Kosa lao lilikuwa moja: hazijazinduliwa. Utepe mwekundu ulizifunga pamoja kama mbuzi wa mnada, zikimngoja mheshimiwa, na mheshimiwa alikuwa na shughuli.

Mimi sisahau. Nakumbuka lifti ya hospitali hiyo hiyo ilivyomngoja mgeni wa heshima miezi saba, huku wajawazito wakipanda ngazi, wakipita mlango unaong'aa wenye karatasi: ITAZINDULIWA KARIBUNI. Nakumbuka choo cha wagonjwa wa nje. Mtu mzima alikuja na msafara wa magari manne kukata utepe wa choo, tukapiga makofi. Ndiyo, nami nilipiga. Hilo nalo sijalisahau.

Basi Jumatano moja, saa mbili asubuhi, mashine pekee ya wodi ya mahututi, kongwe kuliko madaktari wengine, ilipiga chafya mara mbili ikazima. Aliyekuwa ameunganishwa nayo ni Masila, mtunza bustani ya mama Janice huko Lavington, mtaa wa matajiri, aliyelazwa na nimonia ya mapafu yote mawili. Sista Wamucii, mkuu wa wodi, akanyakua ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, akaanza kuubana. Baada ya saa nzima vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akampa zamu muuguzi mwenzake, Anita, kisha akamwita Syokau, mke wa Masila, aliyekuwa amesimama pembeni na kanga yake.

"Mama, njoo uangalie. Moja, mbili, tatu, bana. Usiharakishe. Anita akichoka, unamsaidia."

"Mpaka lini, Sista?"

"Mpaka nirudi na mashine."

Ukumbini alimkuta msimamizi wa hospitali, Bwana Mbugua, ameketi na Norman, wakala wa kiwanda kilichotengeneza mashine hizo, mwenye ofisi Upper Hill. Norman alikuwa amefungua kompyuta, anaonyesha mstari unaopanda.

"Soko la dunia hilo, boss. Kila mwaka linapanda. Viwanda havilali."

Mbugua akautazama ule mstari kwa furaha, utadhani ni mtoto wake amefaulu mtihani. Hakuna aliyemwambia kwamba mstari huo unapandishwa na watu waliokosa pumzi.

"Nataka moja sasa hivi," Wamucii akasema. "Ya wodini imekufa."

"Sista, kuna utepe."

"Nitaukata."

"Wewe ni mwenyeji! Mwenyeji hakati. Lazima pawe na mgeni wa heshima, sala ya kufungua, hotuba. Siwezi kuruka itifaki."

"Mgeni ni mtu ambaye si wa hapa?"

"Bila shaka."

"Nipe dakika tano."

Alirudi akihema, amemshika Syokau mkono. Mbugua akamtazama mama huyo kutoka kitambaa cha kichwa hadi sandali za plastiki.

"Huyu ni nani?"

"Mgeni wa heshima. Ametoka Lavington."

Mbugua akafunga vifungo vya koti. "Lavington upande gani, mama?"

"Karibu na kwa balozi," Syokau akasema, wala hakudanganya. Ndiye anayemfulia balozi shuka.

Zile sandali hazikumsumbua tena Mbugua. Nairobi hii, mtu wa viatu vya kung'aa anadaiwa kodi, na mwenye nyumba saba anatembea na malapa. Akamkaribisha kwa mikono miwili.

Wamucii akafumba macho. "Bwana, tupe pumzi. Amina." Syokau akapewa mkasi wa chumba cha upasuaji, akakata utepe kwa mkato mmoja, kama mtu anayekata kamba ya kuanikia nguo. Norman akapiga picha. Kisha Mbugua akatoa hotuba. Kurasa sita! Alikuwa amezibeba mfukoni wiki zote kumi na moja.

"Mgeni wetu wa heshima, itifaki ikiwa imezingatiwa, historia ya hospitali hii ilianza…"

Kufika ukurasa wa pili, Wamucii alikuwa ameshafungua breki za magurudumu. Mashine ikateleza kuelekea lifti, mgeni wa heshima akiisukuma kwa nyuma. Mbugua aliona, lakini alijua kuwa baada ya uzinduzi mgeni huenda kukagua, akaendelea kumhutubia Norman.

Wodini, Wamucii aliunganisha bomba, akabonyeza, akasubiri. Kifua cha Masila kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Anita akaachilia mfuko, mikono yote miwili ikining'inia kama ya kuazima.

Jioni simu ikaja: mheshimiwa amepata nafasi, anakuja kesho. Mbugua akapanda mbio na utepe mpya.

"Sista, tuiazime nusu saa tu. Barua ya kumwalika mheshimiwa ilisema mashine tatu."

Syokau akasimama kati yake na kitanda.

"Hii haitoki, bwana."

"Kumbe wewe mama ni wa kufua nguo! Nimeuliza getini."

"Nafua. Nilikata vizuri ama sikukata?"

"Ulikata, lakini…"

"Na hotuba ulisoma. Basi imezinduliwa. Ukitaka kuizindua mara ya pili, anza kwa kunikata mimi."

Mbugua akamtazama Wamucii. Wamucii akatazama dari. Utepe mpya ukashuka tena ngazi.

Kesho yake mheshimiwa alizindua mashine mbili, akatangaza kwamba ni tatu, akasikilizishwa kurasa zote sita, akaondoka. Hakupanda wodini, hakuna aliyemwalika. Zile mbili nazo zikapelekwa juu jioni hiyo.

Masila alitolewa bomba kooni Jumanne. Sauti ilitoka ikikwaruza, na Syokau akainama kusikia neno la kwanza.

"Nani anamwagilia maua ya mama Janice?"

"Nyamaza," Syokau akamwambia. "Wewe pumua."