Zamu ya Usiku Chumbani

Afande alistaafu ulinzi wa ghala la mbolea miezi minne iliyopita, lakini macho yake hayakupewa barua. Miaka thelathini na moja alikesha kwa mshahara. Sasa alikesha bure, na hilo lilimuuma sana.

Aliyeumia zaidi ni mkewe. Mama wa watu miaka yote hiyo alizoea kitanda kizima. Sasa kitandani mna mwanamume anayegeuka, anayekohoa, anayevaa viatu mara tano kwenda msalani, na anayemulika dirisha kwa tochi kila paka akipita. Alivumilia weee, hadi usiku alipomulikwa usoni yeye mwenyewe na kuulizwa, "Nani hapo? Jitambulishe!"

"Mimi ni mkeo," akasema. "Na Jumamosi nahamia kwa binti yako. Mchana nitakuja kukupikia. Usiku lala na tochi yako."

Afande alicheka, kisha akaona begi kwenye kiti, na moyo ukampasuka paa! Watoto walishaondoka, kazi ilishaondoka. Huyu naye akienda, yeye atabaki kulinda nini? Asubuhi ileile akaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa kibinti wa rika la mjukuu wake, ila alihoji kama msimamizi mkuu.

"Babu, chai unakunywa saa ngapi?"

"Saa tano usiku. Ya rangi, nzito. Nisipokunywa nitasinzia."

"Si ndicho unachokitaka?"

Afande alikuna kidevu. Hilo hakuwahi kulifikiria.

Mengine yakafichuka. Kumbe kila baada ya kifungua kinywa alikuwa anafunga mapazia na kulala hadi saa nane mchana. Dawa ya presha, ile inayompeleka mtu msalani, aliambiwa ameze siku inapoanza, naye kwa utiifu mkubwa akawa anaimeza saa mbili usiku.

"Ndipo siku yangu inapoanza," akajitetea.

"Umeze asubuhi, babu. Asubuhi ya watu wote. Chai mwisho saa nane mchana, na mchana usilale. Halafu tafuta daftari, uandike kila kinachokuamsha usiku. Uniletee Ijumaa."

Daftari! Afande alirudi nyumbani akitembea kikakamavu. Ghalani, mlinzi aliandika kwenye kitabu kila saa inapogonga. Saa isiyoandikwa ni saa uliyolala, na aliyelala zamu alifukuzwa siku hiyohiyo. Afande hakuwahi kuruka saa hata moja, wala kumjazia mwenzake saa alizolala, hata walipompigia magoti. Basi akapiga mistari kwa rula, na kalamu akaifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda isije ikaibwa.

Ijumaa muuguzi akafungua daftari na kusoma kwa sauti. "Saa tano, nimelala, hali shwari. Saa sita, nimelala, hali shwari. Saa saba, bado nimelala." Akainua macho. "Babu, saa sita ulikuwa umelala. Uliandikaje?"

"Niliamka kuandika."

"Nani alikuamsha?"

"Saa ya mezani. Niliitega."

"Na saa saba?"

"Niliitega tena."

Muuguzi aliinamia meza, mabega yakamtikisika. Afande akadhani binti wa watu analia, akampa leso.

"Babu yangu," akasema alipopata pumzi, "acha kuandika."

"Na kitabu aandike nani?"

Usiku huo begi lilikuwa limejaa. Mkewe alikuwa akitafuta kanga ya mwisho alipoliona daftari juu ya mto, akalifungua. "Mama watoto anakoroma, upande wa kaskazini." Akashika kiuno. "Mimi? Nakoroma?"

Akafungua ukurasa mwingine apate cha kugombea, akakuta pembeni neno moja limerudiwa kila saa, usiku baada ya usiku: "Nimekagua. Mama watoto yupo." Saa tisa yupo. Saa kumi yupo. Hasira zikamwishia, akaketi kitandani kwa huruma.

"Hivi ghalani," akauliza, "uliruhusiwa kulala lini?"

"Mwenzangu akija na kutia sahihi. Bila sahihi huondoki. Kuna mmoja alichelewa siku mbili."

Mkewe akaivuta kalamu na kamba yake, akaandika: "Saa nne usiku. Nimepokea zamu. Kitanda kimoja, mzee mmoja, tochi moja. Vyote vizima." Akatia sahihi, akanyoosha mkono. "Lete tochi."

Afande akapiga saluti akiwa na pajama, akakabidhi tochi, akalala fofofo.

Alipoamka kulishakucha. Begi lilikuwa tupu, limerudishwa juu ya kabati. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, tochi ikiwaka kifuani, daftari mapajani. Afande akalichukua polepole. "Saa tano, amelala. Saa sita, anakoroma, upande wa kusini. Saa saba," na hapo mwandiko ukateleza hadi ukingoni mwa karatasi. Saa nane, hakuna kitu. Saa tisa, hakuna kitu.

Mlinzi amelala zamu!

Afande akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Hakuna aliyemwona. Akaizima tochi, akaivuta kalamu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamjazia mwenzake saa zote zilizobaki: hali shwari, hali shwari, hali shwari, mama watoto yupo.